Nani Amekasirika na Mwalimu? Kihusishi cha Kiingereza katika Vitenzi Vyetu vya Hisia

Itazame sentensi hii: "Otieno amekasirika na mwalimu." Mwanafunzi wa kidato cha pili aiandikapo, hukusudia kusema kwamba mwalimu ametenda jambo lililomuudhi Otieno. Sentensi yenyewe, hata hivyo, inasema jambo jingine. "Na" hiyo inamketisha mwalimu ubavuni pa Otieno: wamekasirika wote wawili, na aliyewakasirisha hajatajwa. Msomaji mwema ataikisia maana kutokana na muktadha, hasa ikiwa naye amesoma Kiingereza na anajua kwamba nyuma ya "na" hiyo imejificha "with". Asiyejua Kiingereza atabaki akiuliza: hawa wawili wamekosewa na nani?

Yamkini wapo watakaoliona jambo hili kuwa dogo, kosa la kutiwa mstari mwekundu na kusahaulika. Sikubaliani nao. Vitenzi vya hisia ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya insha zetu, barua zetu, tahakiki zetu za riwaya na tamthilia, na hata matangazo yetu ya tanzia. Mtu asipoweza kusema hasira yake inamwelekea nani, huruma yake inamwendea nani na hofu yake inatokana na nini, hajakosea sarufi tu. Hajasema alichotaka kusema. Makala haya yanadai kwamba kihusishi cha Kiingereza kimeanza kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili, na kwamba lawama kubwa ya hali hiyo ni ya darasa la Kiswahili, si la Kiingereza.

Tuanze na Kiingereza, kwa sababu huko ndiko mwanafunzi wetu anakojifunza kwamba hisia ni lazima ifuatwe na kihusishi. Hupewa orodha. Mtu huwa "angry with" mwenziwe lakini "angry about" jambo. Huwa "afraid of", "surprised at", "interested in", "worried about". Kisha hupewa sentensi zenye mapengo na kuambiwa azijaze. Anayejaza vyema hupata alama, na anayekosea huambiwa akakariri tena. Ni nadra kuelezwa kwa nini ni "of" hapa na "at" pale, na kwa kweli mwalimu hawezi kulaumiwa sana, kwa maana Kiingereza chenyewe hakina kanuni moja inayotawala mambo haya. Kina historia tu.

Chukua "afraid of". Neno "afraid" asili yake ni kitenzi cha zamani kilichomaanisha kutisha, likiwa katika umbo la kutendwa: aliye "afraid" ni aliyetishwa. Nayo "of", katika Kiingereza cha zama hizo, iliweza kumtanguliza mtenda baada ya kitenzi cha kutendwa, kazi ambayo leo imechukuliwa na "by". Biblia ya Kiingereza ya mwaka wa 1611 ina mifano mingi ya matumizi hayo. Kwa hiyo asemaye "afraid of" anasema, ukiifukua mifupa ya lugha hiyo, "ametishwa na". Mwanafunzi anayejua Kiswahili angeielewa hoja hii kwa dakika moja, kwani "tishwa na", "shtuliwa na" na "chukizwa na" ni vitu vya kila siku kwake. Lakini nani atamweleza? Mwalimu wa Kiingereza hatarajiwi kutaja Kiswahili darasani mwake, na mwalimu wa Kiswahili huona kwamba "afraid" si mzigo wake.

Sasa tazama kinachotokea mwanafunzi huyo anapovuka ukumbi na kuingia katika kipindi cha Kiswahili. Anakuja na mazoea kwamba kila hisia ina kihusishi chake. Anatafuta kihusishi cha Kiswahili cha kutia baada ya kitenzi. Havipo vingi. Kuna "kwa", kuna "na", kuna "katika", kuna "juu ya", na kuna "kuhusu". Basi anaokota kilicho karibu. "Nina furaha kuhusu matokeo yako." "Anaogopa kuhusu mtihani." "Tunajivuna na shule yetu." "Mhusika mkuu ana huruma kuhusu maskini." Sentensi kama hizi nilizikuta kwa wingi katika madaftari ya muhula mmoja wa mazoezi ya kufundisha, na ninazikuta hata leo katika tahakiki za wanafunzi wa shahada ya kwanza waliochagua Kiswahili kwa hiari yao. Maneno yote ni ya Kiswahili. Mshono wao ndio usiokuwa wa Kiswahili.

Alichokosa kuelezwa mwanafunzi huyu ni kwamba Kiswahili hakikukosa vihusishi kwa umaskini. Sehemu kubwa ya kazi ya kihusishi tumeiweka ndani ya kitenzi. E. O. Ashton, aliyechapisha sarufi yake ya Kiswahili mwaka wa 1944, aliiita kauli ya kutendea kwa jina linalotokana na neno "preposition": kauli ya kihusishi. Yaelekea aliwafikiria Waingereza waliokuwa wakijifunza lugha yetu, akataka waelewe kwamba wanachokitafuta nje ya kitenzi kimo ndani, katika ile silabi moja ya "-i-" au "-e-". Jina hilo wanaisimu wa baadaye wameliacha, na huenda walikuwa na sababu nzuri, lakini kwa mada hii lina manufaa makubwa kuliko majina yote yaliyolifuata.

"Otieno amemkasirikia mwalimu." Hapo hapana utata. Kiambishi "-m-" kimemtaja anayeelekewa na hasira, na "-i-" imeonyesha kwamba hasira hiyo ina mwelekeo. Geuza mambo: "Otieno amekasirikiwa na mwalimu." Sasa hasira ni ya mwalimu na Otieno ndiye inayemshukia. Geuza tena: "Otieno amekasirishwa na mwalimu." Hasira imerudi kwa Otieno, na mwalimu ndiye chanzo chake. Tofauti kati ya "kasirikiwa" na "kasirishwa" ni ya silabi chache, lakini ni tofauti kati ya mwenye hasira na aliyekasirikiwa. Mahakamani ingeweza kumfunga mtu. Na ile sentensi yetu ya kwanza, "amekasirika na mwalimu", imekaa katikati ya hizi, haisemi hii wala ile.

Zingatia pia kwamba "na" iliyotumika katika sentensi mbili za mwisho ni halali kabisa. Sipigani na "na". Ina vituo vyake: huambatanisha watu na vitu, humtanguliza mtenda baada ya kauli ya kutendwa na kutendewa, hufuata kitenzi "kuwa" kuonyesha umiliki, na huandamana na kauli ya kutendana, kama katika "kugombana na" na "kupatana na". Katika uwanja wa hisia kituo chake cha pili ndicho chenye utajiri mkubwa zaidi, maana Kiswahili hupenda kuisawiri hisia kama mtenda na binadamu kama mtendwa. Mtu huingiwa na hofu, hupandwa na hasira, hushikwa na haya, hujawa na furaha, hupatwa na majonzi. Hisia huja, humwingia, humpanda, humshika. Ajabu ni kwamba vijana wetu wanayajua mafungu haya ya maneno, wameyakariri kwa ajili ya kupamba insha, lakini hawaambiwi kwamba "na" ndani yake inamtaja mtenda. Laiti wangeambiwa, wasingeihamishia penye "kasirika", ambacho hakimo katika kauli ya kutendwa wala ya kutendewa.

Mfano mzuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kitenzi "cheka". Kumcheka mtu ni kumdhihaki. Kumchekea ni kumwonyesha uso wa furaha, na mara nyingine kumwonea muhali anapokosea. Kucheka naye ni kushiriki kicheko kimoja, na kila mmoja wetu anajua kilichompata aliyecheka na nyani: alivuna mabua. Kitenzi ni kimoja na watu ni wale wale wawili, lakini mahusiano ni matatu, na hayakuhitaji zaidi ya kuwepo au kutokuwepo kwa "-e-" na "na". Kiingereza nacho kinatofautisha kati ya kumcheka mtu na kucheka naye, kwa "at" na "with". Mwalimu wa Kiingereza anayetaka darasa lielewe nguvu ya "at" angeanzia hapa. Wanafunzi wake wanaijua tofauti hiyo tangu utotoni, na wengine wameionja uwanjani.

Kuna na "penda". Tumezoea kuiona kama kitenzi kilichokamilika, kisichohitaji msaada: nampenda Halima. Lakini tukitaka kutaja kile kinachotuvuta, lugha inatupa "pendea": nampendea Halima ukarimu wake. Shamirisho mbili zimeketi kwa amani, mtu na sifa yake, pasipo kihusishi hata kimoja. Mwanafunzi wa leo huandika "nampenda Halima kwa sababu ya ukarimu wake", na si kosa, lakini ni maelezo ya kitu ambacho kitenzi kingekisema peke yake. "Ogopa" nacho hupokea shamirisho moja kwa moja, kama alivyo ndugu yake mzee "cha" katika kumcha Mungu. Anayeandika "kuogopa kuhusu" amekipa kitenzi gongo ilhali hakichechemei. Na pale Kiingereza kinapobadilisha "of" kuwa "for" ili kutenganisha woga wa kuumizwa na woga wa kumwonea mwingine uchungu, sisi hubadilisha kitenzi: simwogopi mwanangu, namhofia.

Kwa wanafunzi wa fasihi ningependa kusisitiza kundi la "ona". Waswahili huona haya, huona fahari, huona uchungu, huona wivu. Ukiingiza "-e-", hisia hiyo inapata mtu: kumwonea haya, kumwonea wivu, kumwonea huruma. Lakini ondoa jina la hisia uache "kumwonea" peke yake, nayo maana inageuka kuwa dhuluma. Mwalimu anayemwonea mwanafunzi huruma na mwalimu anayemwonea tu wametenganishwa na neno moja. Sijui ni mwandishi gani wa tamthilia ambaye asingetamani kupewa silaha kama hii. Badala yake vijana wetu wanazidi kuandika "ninahisi": ninahisi aibu, ninahisi wivu, ninahisi huruma kuhusu wewe. "Kuhisi" ni neno zuri, lina kazi yake, ila limegeuzwa kuwa chano cha kuandalia kila hisia kwa sababu Kiingereza kina "feel".

"Hurumia" chenyewe kinastahili kutajwa. Tuna nomino "huruma", lakini kitenzi chake hakisikiki bila ile "-i-". Hakuna asemaye "ninahuruma" akawa ametumia kitenzi. Kwa maneno mengine, Kiswahili hakikubali kitendo cha huruma kisichokuwa na wa kuhurumiwa. Anayeandika kwamba mhusika "ana huruma kuhusu maskini" amemrudisha maskini kwenye umbali ambao lugha ilikuwa imeuondoa. Vivyo hivyo "jivuna" na "jivunia". Ajivunaye amevimba, hapendezi. Ajivuniaye ana kitu anachokienzi. Shule nyingi huandikiwa na watoto wao kwamba "tunajivuna na shule yetu", na sentensi hiyo, ukiisoma kama ilivyo, ni ungamo la majigambo ya pamoja, shule nayo ikiwa miongoni mwa wenye majigambo.

Nimeacha makusudi neno lililo zito kuliko haya. Kitenzi "fa" hakina shamirisho. Afaye hufa peke yake. Kiongeze "-i-" na mauti yanamfikia mwingine: mtoto amemfia mama yake. Kitie katika kauli ya kutendewa: mama amefiwa na mtoto. Hapo msiba umesimuliwa kwa kumweka aliyebaki mwanzoni mwa sentensi, na kitenzi kimekiri kwamba kifo cha mmoja ni tukio katika maisha ya mwingine. Kiingereza hakina kitenzi cha kila siku kinachoifanya kazi hii kwa namna hiyo. Hutumia neno lenye maana ya kupoteza. Siku hizi matangazo ya tanzia yanasema "tumempoteza mwenzetu". Sithubutu kuwasahihisha wafiwa, na sitasema kwamba ni kosa. Nasema tu kwamba kupoteza, katika masikio yangu, kunabeba harufu ya uzembe, kwani apotezaye kisu hakukitunza, ilhali "tumefiwa" na "tumeondokewa na mwenzetu" hayana lawama ndani yake. Ikiwa upo mahali ambapo ni hasara kuiacha "-i-" yetu, ni hapa.

Kuna maelezo ambayo hutolewa haraka sana kila kosa linapoonekana katika Kiswahili cha bara: eti ni athari ya lugha ya mama. Katika suala hili maelezo hayo hayasimami. Kiambishi cha kutendea si mali ya Kiswahili pekee. Ni urithi wa lugha za Kibantu kwa jumla, na wanaisimu hukirejesha hadi kwenye lugha mame ya Kibantu. Mtoto wa Kikuyu, wa Kikamba, wa Kiluhya, wa Kimeru au wa Kigiriama anakuja shuleni akiwa na kauli hii kinywani. Kama lugha ya mama ingekuwa na athari kwake hapa, ingekuwa athari ya kumnyoosha. Lakini naye huandika "amekasirika na mwalimu" sawa na wenzake. Alichojifunza baada ya kuingia darasani ndicho kilichomfundisha hivyo.

Nasi wa Kiswahili tumemfundisha nini kuhusu kauli ya kutendea? Tumemfundisha jedwali. Kuna safu ya kutenda, safu ya kutendea, safu ya kutendwa, safu ya kutendesha. Tunampa vitenzi vya silabi moja kwa sababu vina mtego: la, fa, nywa, cha. Anajibu lia, fia, nywea, chea, anapata alama zake, anafunga kitabu. Amenyambua "fa" pasipo kuambiwa kwamba ameshika neno la kilio cha watu wote. Saa moja baadaye anaandika insha, ambayo katika mtihani wa KCSE ina karatasi yake mbali na ile ya lugha, na kwa kuwa ni karatasi nyingine, anaichukulia kuwa ni ulimwengu mwingine. Mnyambuliko umebaki kule kwenye jedwali. Huku kwenye insha anaongozwa na sentensi ya Kiingereza iliyomo kichwani. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa mwaka wa 1985, vizazi vimepita katika njia hii, na wengi wao leo ni walimu.

Kamusi zetu nazo hazisaidii vya kutosha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu hutuonyesha kama kitenzi ni elekezi au si elekezi, jambo la kushukuriwa. Minyambuliko, hata hivyo, aghalabu hupangwa mkiani mwa kidahizo kama mabehewa ya treni, pasipo mfano wa sentensi. Mwanafunzi anayetafuta "kasirika" atapata kwamba "kasirikia" ipo. Hatajua kwamba hiyo ndiyo aliyokuwa akiihitaji alipoandika "na".

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba lugha hubadilika, na kwamba hiyo "kuhusu" ninayoilalamikia asili yake ni Kiarabu. Nitaambiwa pia kwamba watangazaji na waandishi wa magazeti, watu ambao Kiswahili ndicho riziki yao, husema "furaha kuhusu" bila aibu. Yote ni kweli. Sina ugomvi na neno kwa sababu ya lilikotoka. Tukianza kufukuza wageni tutajikuta hatuna hata "furahi" wala "hofu" wala "huzuni" za kuzungumzia. Na "kuhusu" ina mahali pake. Tunazungumza kuhusu jambo, tunaandika, tunauliza, tunafikiri kuhusu jambo. Hata hisia zilizo jirani na fikira, kama wasiwasi na shaka, naziachia: anayesema ana wasiwasi kuhusu matokeo hajanikera, ingawa "wasiwasi wa matokeo" ni fupi na tamu zaidi.

Pingamizi langu ni kwa badiliko linalopunguza. Neno jipya likiingia likatuwezesha kusema tusichoweza kukisema jana, karibu. Lakini "nina furaha kuhusu matokeo yako" limekuja kuchukua nafasi ya kauli tatu zilizokuwapo: matokeo yako yamenifurahisha, nimefurahishwa na matokeo yako, nimeyafurahia matokeo yako. Ya kwanza inayaweka matokeo mbele, ya pili inaniweka mimi mbele kama niliyeguswa, na ya tatu inaifanya furaha kuwa tendo langu mwenyewe. Mshairi angechagua mojawapo kwa sababu maalum. Mwenye "kuhusu" hana la kuchagua. Nikisoma tahakiki inayosema kwamba "mwandishi ana hasira kuhusu ufisadi", sijui kama hasira hiyo inawaelekea mafisadi, au imeletwa na ufisadi, au ni mada tu ambayo mwandishi ameigusa. Na hilo ndilo swali ambalo tahakiki ilipaswa kulijibu.

Dawa yake haihitaji tume. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 unasisitiza kwamba mwanafunzi aoneshe anachoweza kukifanya kwa lugha. Basi kauli ya kutendea na ifunzwe mahali inapofanya kazi. Badala ya "nyambua vitenzi vifuatavyo", mwanafunzi apewe tukio: ndugu wawili wamegombania urithi, mama yao analia, jirani anacheka. Nani amemkasirikia nani? Nani amekasirishwa na nini? Mama anamlilia nani? Jirani anawacheka au anawachekea? Watunzi wa mitihani wakiuliza hivyo, walimu watafundisha hivyo. Tunajua sote kwamba mtihani ndio mtaala halisi wa shule zetu.

La pili ni gumu kidogo kwa sababu ya jinsi tunavyowaandaa walimu. Mwalimu wa Kiingereza kwa kawaida husomea Kiingereza na fasihi yake, naye wa Kiswahili hukiunganisha Kiswahili na historia, jiografia au elimu ya dini. Katiba ya mwaka wa 2010 imezifanya lugha hizi mbili kuwa rasmi, lakini vyuoni na shuleni tumezijengea vyumba visivyokuwa na mlango wa kati. Ningependa kuona kipindi kimoja cha dakika 40, walimu hao wawili wakiwa wamesimama mbele ya darasa moja. Upande wa kushoto wa ubao waandike maneno sita ya Kiingereza ambayo yote hufuatwa na "of": "afraid", "proud", "ashamed", "jealous", "tired", "fond". Upande wa kulia wawaache wanafunzi wenyewe watafute Kiswahili chake. Watapata kuogopa na kupenda, ambavyo havihitaji chochote. Kujivunia, chenye "-i-" yake. Kuonea haya na kuonea wivu, ambavyo hisia yake imetajwa kwa nomino. Na kwa "tired" watabishana, maana kuna anayechoshwa na kazi, na kuna anayemwambia mwenziwe "nimekuchoka", bila kihusishi, neno lililovunja nyumba nyingi. Kihusishi kimoja upande wa kushoto kitakuwa kimepokewa kwa njia kadhaa upande wa kulia. Baada ya hapo mwanafunzi hatatafuta tena "of" ya Kiswahili, na pengine ataacha kutafuta mantiki pale ambapo Kiingereza kina historia tu.

Kipindi hicho hakihitaji kitabu kipya wala waraka kutoka wizarani. Kinahitaji walimu wawili walioketi meza moja saa ya chai, kila mmoja na rundo lake la madaftari yasiyosahihishwa, na mmoja wao amwulize mwenziwe: hawa wako nao huandika hivi?